Jinsi ya kumzuia kunguru asiwapokonye njiwa mtama Kuze

WENYEJI wa Kuze na mitaa jirani ya Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, wanaofuga njiwa au wanaomwaga punje za mtama uani kwa ajili ya ndege wadogo, wana mgeni mmoja ambaye hawakumwalika. Ni kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu na mwili mweusi unaometameta, ambaye watu wengi wa pwani humwita kurabu. Hutua kabla sahani haijawekwa chini, huwafukuza njiwa, hula kinachomfaa, na akishamaliza chakula hugeukia mayai na vifaranga.

Hasara hiyo si ndogo kwa mtu mwenye kipato cha kadiri. Kuku wa kienyeji huatamia siku 21. Akiangua vifaranga kumi, kunguru wawili wanaweza kuwamaliza katika muda wa siku chache, mmoja akimghasi mama kwa mbele huku mwenziwe akinyakua kwa nyuma. Makinda ya njiwa nayo, ambayo huzaliwa bila manyoya na kukaa kiotani takriban mwezi mmoja, huwa mlo mwepesi iwapo kiota ki wazi. Na hapo hatujawataja chozi, mnana na tetere, ambao hawana mwenyewe wa kuwalilia.

Zipo njia za kumzuia, lakini nyingi zinazopendekezwa vichochoroni hazifai kitu, na chache ni za hatari. Kabla ya mtu kutumia fedha zake kununua waya au wavu, ni heri amfahamu kwanza mwizi mwenyewe.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako watu huning'iniza vyombo vya nafaka bustanini ili ndege wapate kula wakati wa baridi, mwizi anayelalamikiwa ni kindi. Vifaa chungu nzima vimebuniwa kwa ajili yake: faneli za bati zinazovishwa kwenye mlingoti ili asipande, vyombo vinavyojifunga vikielemewa na uzito wake, na nafaka iliyochanganywa na pilipili. Nchini Uingereza kindi huyo wa kijivu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani, na wale walioachiwa mwaka 1876 katika shamba la tajiri mmoja wa jimbo la Cheshire ndio hutajwa kuwa wa kwanza. Kwetu pwani kindi yupo, na wengine humwita kuchakuro, lakini makao yake ni misitu kama vile Arabuko-Sokoke na Shimba Hills. Kuze, ambako nyumba zimebanana na mti ni kitu cha kuhesabika, hana pa kuishi.

Nafasi yake imechukuliwa na kunguru, naye pia ni wa kuletwa. Ila kindi hupanda kutoka chini, ilhali kunguru hushuka kutoka juu. Ndiyo maana mtu anayenakili mbinu za kigeni neno kwa neno, akapaka mlingoti grisi au kuuvisha faneli, hatapata faida yoyote. Tena grisi ikigusa manyoya ya ndege wadogo huyagandisha wasiweze kuruka.

Alivyofika pwani

Kunguru huyu asili yake ni India, Pakistan, Sri Lanka na nchi jirani. Katika miaka ya 1890 utawala wa Kiingereza kisiwani Unguja uliwaagiza wachache kutoka India ili wasaidie kusafisha takataka za mji. Kazi hiyo waliifanya, lakini hawakuridhika na takataka. Kufikia mwaka 1917 serikali iyo hiyo ya Unguja ilikuwa imekwisha kuwatangaza kuwa ni waharibifu. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Tangu wakati huo amesambaa katika mwambao wote wa Kenya na amekuwa akisogea kuelekea bara.

Mara nyingi husafiri kwa meli. Hupanda bandarini, hulishwa na mabaharia au hujitafutia makombo sitahani, kisha hushuka bandari nyingine. Kwa njia hiyo amefika Aden, miji ya Ghuba, na hata Uholanzi, ambako kundi dogo lililofika katika mji wa bandari wa Hoek van Holland katika miaka ya 1990 lilizaana hadi wenye mamlaka wakaamua kuliondoa. Mji wa Kale wenye bandari yake ya majahazi, na bandari kuu ya Kilindini upande wa pili wa kisiwa, ulikuwa mahali alipostahili kutazamiwa.

Msomaji asimchanganye na kunguru mwenyeji, ambaye ni mkubwa zaidi na ana kifua na shingo nyeupe pe. Huyo ndiye aliyekuwa kunguru wa pwani zamani, na yeye mwenyewe amesukumwa kando na mgeni.

Inafaa tukiri kwamba hata wale tunaowalinda si wenyeji wote. Njiwa wa kufugwa huitwa njiwa manga, na jina lenyewe linatukumbusha ng'ambo. Shomoro wa majumbani pia aliletwa. Kinachomtofautisha kunguru si ugeni, ni kwamba alikuja na kuwaacha nyuma wanaompunguza. Kwao India yuko ndege aitwaye koeli, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru na kumwachia kazi ya kulea, hivyo makinda ya kunguru hukosa chakula. Koeli huyo hayuko kwetu. Jike la kunguru hutaga mayai matatu hadi matano, huyaatamia kwa muda wa siku 16 au 17, na makinda huruka baada ya wiki nne hivi. Wakipata chakula cha kutosha, hakuna cha kuwazuia wasiongezeke.

Hivyo basi, neno la kushikilia ni hilo la chakula. Kunguru hafuati njiwa, hufuata kilichomwagwa. Ua ambao hauna chakula kinachokaa peke yake hauna kunguru wa kudumu, hata kama una njiwa mia.

Sahani na saa

Watu wengi wa Kuze huwalisha njiwa kwa nia ya sadaka, na mkono wa sadaka haupimi. Humwagwa mtama, kisha makombo ya mahamri ya asubuhi, wali uliobakia, ukoko, pengine na vichwa vya samaki kwa ajili ya paka wa kichochoroni. Vyote huachwa hapo hadi jioni. Njiwa hula punje. Yaliyosalia, yaani vitu laini na vyenye mafuta, ndiyo ambayo kunguru huyapenda kuliko chochote.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu hata shilingi moja. Walishe njiwa nafaka kavu na nzima peke yake: mtama, mawele, mahindi yaliyovunjwavunjwa, choroko au pojo. Kunguru akikosa budi hula nafaka, lakini hatasafiri kutoka mtaa mwingine kwa ajili yake. Mkate, ugali, nyama na samaki visionekane kabisa katika sahani ya ndege. Paka naye alishwe ndani, au nje penye mtu.

Hatua ya pili ni kipimo. Njiwa mzima hula kiasi cha gramu 30 za nafaka kwa siku. Mwenye njiwa 20 basi anahitaji gramu 600, ambazo ni pungufu ya kibaba. Chakula hicho kigawanywe mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa saa ambazo hazibadiliki. Njiwa ni hodari wa kujua wakati, na katika muda wa wiki moja watakuwa wanakusubiri. Simama hapo kwa dakika 15, kisha uondoe sahani na kufagia. Chakula kitumbukizwe katika sahani au sinia, kisimwagwe chini, kwa kuwa punje zilizojificha kati ya mawe huwavuta panya usiku, na hilo ni balaa jingine.

Kusimama ndiko kunakowashinda wengi, nako ndiko kwenye kazi. Kunguru humwogopa mtu aliye karibu na anayemtazama. Methali ya kunguru mwoga kukimbiza ubawa wake haikutungwa bure. Mtoto wa miaka minane aliyeketi barazani akisoma kitabu chake anatosha kabisa kuilinda sahani.

Ndege wadogo na kizimba cha waya

Kwa anayependa kuwalisha shomoro, mnana na ndege wengine wadogo, suluhisho la kudumu lipo na ni rahisi. Tengeneza kizimba cha waya wenye matundu ya sentimita nne kila upande, kifunikwe juu na chini, na sahani iwekwe katikati. Shomoro atapenya, kunguru hatapenya.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Kunguru anaweza kuingiza kichwa na shingo hata pale mwili usipopita. Ikiwa sahani imegusa ukingo wa kizimba, atakula akiwa nje kana kwamba hakuna kitu. Sahani iwe umbali wa sentimita 20 au zaidi kutoka kila upande. Maana yake ni kwamba kizimba kisipungue upana wa nusu mita. Waya uwe wa kukaza, usiwe ule mwembamba unaopindika, kwani mdomo wa kunguru una nguvu na yeye ana saa zote za mchana za kujaribu.

Chozi hali nafaka. Anakunywa utamu wa maua na kula wadudu wadogo na buibui. Anayemtaka roshani yake apande mshubiri katika chungu. Ukitoa maua, chozi atakuja mwenyewe, na kunguru hana haja na ua la mshubiri.

Shida ya njiwa

Kizimba hicho hakimfai njiwa, na hapa ndipo wafugaji wengi wa Mji wa Kale hukwama. Njiwa na kunguru wanakaribiana mno kwa umbo. Kunguru huyu ana urefu wa sentimita 40 hivi na njiwa kama 33, ila sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mkia na mdomo. Kwa uzito hawapishani sana. Tundu la kumpitisha njiwa ndilo litakalompitisha kunguru, na hakuna kipimo cha waya kitakachowatenganisha.

Kinachowatenganisha ni tabia. Njiwa wa kufugwa huingia mahali penye giza bila wasiwasi, kwa maana jamii yake ilizoea kulala katika mapango na mianya ya majabali. Kunguru husita mbele ya mahali ambapo haoni njia ya kutokea. Kwa sababu hiyo njiwa walishwe ndani ya banda lao, wala si uani.

Banda zuri lina mlango mmoja wenye upana wa kupitisha njiwa wawili, na mlangoni huning'inizwa vijiti vyepesi vya waya mnene au alumini, kimoja kando ya kingine, vikiwa vimeachana kwa sentimita nne au tano. Vijiti hivyo hufungwa upande wa juu tu, na chini huegemea kizingiti kidogo kwa ndani ya kingo, hivyo hufunguka kwa kusukumwa kutoka nje lakini havifunguki kutoka ndani. Wafugaji wa njiwa wa mashindano duniani kote hutumia mlango wa namna hii. Mwenye njiwa huwafungulia mlango mwingine asubuhi anapotaka watoke, kisha huufunga.

Njiwa hawajui mlango huo siku ya kwanza. Vipandishe vijiti vyote na kuvifunga juu kwa siku tatu nne ili wazoee kupita. Kisha teremsha viwili vya katikati, halafu nusu, halafu vyote. Ukiharakisha, watalala juu ya paa la jirani na kazi yote itaanza upya. Chakula kiwekwe ndani, mahali ambapo hakionekani kutoka nje. Je, kunguru hawezi kuvisukuma vijiti? Anaweza. Mwenye njaa kali au aliyeona nyama ndani atajaribu, na akiingia hatatoka, atakuwa mkononi mwako. Lakini mbele ya punje za mtama zilizofichwa gizani, walio wengi huona si haki yao kuhatarisha roho.

Viota navyo viwe ndani ya banda hilo hilo. Njiwa anayetaga juu ya kingo ya dirisha au ndani ya boriti iliyooza ndiye anayeliwa makinda kila mwaka.

Vifaranga na wavu

Kwa vifaranga, wazee wetu walikuwa na tenga, na mpaka leo sijaona kilichobuniwa kikalishinda. Tenga kubwa lililofumwa kwa upapi mnene hufunikwa juu ya mama na wanawe kwa muda wa wiki nne hadi sita za kwanza, huku likihamishwa kila siku ili wapate mahali safi. Ubaya wake ni kwamba mapengo yakizidi sentimita tatu, kifaranga hutoa kichwa nje na kichwa hicho ndicho kinachodonolewa. Zungushia waya wa kuku kwa chini.

Ukiwa na ua mdogo, kama zilivyo nyua nyingi za Kuze, unaweza kuufunika wote kwa wavu. Wavu mkuukuu wa wavuvi hufaa na hupatikana kwa bei nafuu, mradi macho yake yasizidi sentimita tano. Sharti uvutwe ukakazwa kama ngozi ya ngoma. Wavu uliolegea huwanasa ndege kwa miguu, na anayenaswa kwa kawaida si kunguru bali tetere au pugi asiye na hatia, tena hufa polepole juani. Ukague kila asubuhi.

Wasio na uwezo wa wavu wanaweza kutandaza nyuzi za nailoni, zile za mshipi wa kuvulia, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine zikiachana kwa sentimita 30. Kunguru anaposhuka na kuguswa bawa na kitu asichokiona huingiwa na hofu. Dawa hii hupungua nguvu akishaizoea, lakini inaweza kukuvusha majuma yale ambayo vifaranga ni wadogo kabisa.

Kuna angalizo kwa wakazi wa nyumba za kale. Mji wa Kale ni eneo la kihistoria linalohifadhiwa kisheria. Kabla ya kutoboa roshani ya mbao iliyochongwa au kupigilia misumari kwenye mlango wa nakshi ili kufungia wavu, pata ushauri wa ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa. Uani kwa ndani mara nyingi hakuna shida.

Yasiyofaa

Diski za santuri zinazometameta, vioo, vipande vya nailoni vinavyopepea na sanamu za bundi za plastiki hufanya kazi kwa siku tatu, pengine wiki. Kunguru hujifunza haraka kwamba bundi asiyegeuza shingo si bundi.

Kumtundika kunguru mfu juu ya mti ni desturi iliyoenea pwani. Ni kweli wenziwe hukusanyika, hupiga kelele na huepuka mahali hapo kwa muda. Lakini mzoga unaooza juu ya ua ambamo watu wanapika na kufua ni karaha na ni chanzo cha maradhi, na kelele peke yake zitakufukuza wewe kabla hazijamfukuza yeye.

Manati ni mchezo wa vijana, wala si dawa. Kunguru hutambua nyuso. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walivaa vinyago walipokuwa wakiwanasa kunguru wa Marekani, ndugu wa karibu wa huyu wetu. Kwa miaka mingi baadaye kunguru wa eneo hilo waliendelea kuwazomea watu waliovaa vinyago hivyo, pamoja na kwamba waliovaa walikuwa watu wengine. Kijana mwenye manati humfundisha kunguru kumwogopa kijana huyo. Akienda shule, sahani inabaki bila mlinzi.

Pilipili ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Nafaka iliyopakwa pilipili humfukuza kindi kwa sababu kindi ni mnyama anyonyeshaye, na ulimi wake huwashwa kama wetu. Ndege hawasikii ukali huo hata kidogo. Ndio sababu katika mashamba ya pilipili ndege hula mbivu na kuzisambaza mbegu zake. Kwa kunguru, kachumbari kali ya Mombasa ni kachumbari tu.

Jirani na jaa

Kuze ni mtaa ambao mtu akikohoa juu ya dari yake jirani wa tatu husema pole. Ua mmoja ukiwa safi na wa pili ukiwa na ndoo ya utumbo wa kuku iliyo wazi, kunguru watakaa kwenye ua wa pili na kutembelea wa kwanza. Hapana budi majirani wazungumze, hususan wale wanaouza chakula vibarazani, wachinjaji wa kuku na wauza samaki. Taka zitolewe karibu na saa ya kuchukuliwa, si usiku wa kuamkia. Pipa liwe na kifuniko kizito chenye jiwe juu yake. Matangi ya maji ya paani yafunikwe, kwa maana kunguru huoga humo na kuloweka humo mifupa na makombo aliyoyaokota, na katika mji ambao maji hununuliwa kwa madebe ya mkokoteni hakuna anayetaka kumwaga tangi zima.

Kwa upana zaidi, idadi ya kunguru kisiwani hufuata idadi ya majaa. Jaa la Kibarani, lililokuwa mlangoni mwa kisiwa kwa miaka mingi na ambako kunguru walitanda kama wingu, lilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Ni hatua njema kuliko risasi elfu. Hata hivyo vijaa vidogo vya vichochoroni vimebakia, na kila kimoja kina kundi lake.

Viota vinaweza kuondolewa ukiwa na hakika kwamba ni vya kunguru. Kiota chake ni fungu la vijiti ambalo mara nyingi limechanganywa na vipande vya waya. Anayepanda mti ajifunike kichwa, kwani wazazi hushambulia. Watajenga tena, nawe utaondoa tena.

Sumu si ya kila mtu

Mwezi Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja hadi kufikia mwisho wa mwaka huo. Sumu iliyochaguliwa ni ile iitwayo Starlicide, ambayo ilikuwa imewahi kutumika pwani kabla ya uagizaji wake kusimama mwaka 2005. Mwaka 2024 uliisha, na kunguru wangali wapo.

Sumu hiyo huchanganywa na nyama baada ya kunguru kuzoezwa kwa siku kadhaa nyama isiyo na kitu, ili wawe wanakusanyika mahali pamoja. Huharibu figo, na ndege hufa polepole, kwa kawaida katika muda wa siku moja au zaidi, mara nyingi akiwa amekwisha kurejea mtini anakolala. Sifa yake ni kwamba huvunjwavunjwa mwilini mwa kunguru kabla hajafa, hivyo paka au mwewe anayeula mzoga hayumo katika hatari kubwa. Lakini msomaji mwenye njiwa azingatie hili: njiwa na kuku nao hudhurika na sumu hiyo wakiila moja kwa moja. Tangazo la kutegwa chambo katika mtaa wako likitolewa, wafungie njiwa bandani na kuku tunduni tangu siku ya kwanza hadi wahusika waseme kazi imekwisha, na uwalishe ndani.

Kuna wanaochoka kusubiri serikali wakanunua dawa ya wadudu dukani na kuipaka kwenye utumbo. Hilo ni kosa la jinai na ni ukatili kwa mtaa mzima. Dawa za wadudu hazina hiari. Paka wa kwanza atakayepita atakufa, mwewe atakayemwokota paka atakufa, na mtoto anayeokota kila kitu chini hatajua tofauti. Dawa za kuua ndege hutolewa kwa wenye idhini, chini ya usimamizi wa KWS na bodi ya serikali inayodhibiti dawa za kuulia wadudu na waharibifu, na si bidhaa ya kaunta.

Ukimkuta kunguru mfu paani au uani, usimshike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mfunge ndani ya mwingine, na umzike kwa kina cha nusu mita au umkabidhi mzoa taka akiwa amefungwa. Nawa kwa sabuni. Ikiwa utawakuta wawili au watatu kwa siku moja na hakuna tangazo lolote lililotolewa mtaani, piga ripoti kwa KWS au kwa afisa wa mifugo wa kaunti, kwa sababu huenda ni sumu haramu, au huenda ni kideri, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita Newcastle na ambao unaweza kumaliza kuku wote wa kichochoro katika muda wa wiki moja. Kuku wapate chanjo ya ugonjwa huo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kunguru wawepo au wasiwepo.